Watu wa Shangazi

Machi 2

Mvua imeanza. Haikubisha hodi. Imeingia jumba la sanaa kwa dirisha la choo cha wageni, ikapita ukumbi wa sanamu, ikashuka ngazi hadi kwangu ghalani, nami nikaipokea kwa ndoo mbili na tambara. Sindano ya kipimo cha unyevu ukutani imepanda kidogo. Kazi yangu kila asubuhi ni kuitazama na kusema imepanda au imeshuka, na kwa kuwa hakuna anayeniuliza, nimeamua kuliambia daftari hili.

Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa. Shangazi yuko kitandani tangu kiharusi kilipomwangusha mwaka jana. Hata viatu sijavua, akauliza, "Watu wangu wako pakavu?"

"Wako pakavu, shangazi."

Leo ilikuwa kweli.

Machi 5

Siku ya maajabu. Mkurugenzi ameshuka ghalani kwa miguu yake, na viatu vya kisigino kirefu, akishikilia ukuta kama mtu anayeingia kisimani. Jumba linatimiza miaka mia mwezi wa tano na anataka maonyesho makubwa ya "hazina isiyoonwa". Hazina isiyoonwa ndiyo sisi wa huku chini. Kwa kila picha inayotazamwa juu, kuna umati mzima umelala kwenye rafu zangu, umefungwa shuka.

Jumba hili lilianza na mtu mmoja aliyeupenda uso wake. Alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, na kila alipopata faida aliita mchoraji. Tunaye amekaa, tunaye amesimama, tunaye na farasi, tunaye bila farasi, na tunaye farasi peke yake. Alikufa bila mtoto, akawaachia wananchi nyumba yake pamoja na nyuso zake zote. Sisi tunamwita Mwasisi. Baada yake wananchi nao wakaanza kuleta vya kwao: vyungu vya mfinyanzi fulani mwanamke, vinyago, picha za arusi za mpiga picha aliyefilisika, ndege waliochorwa na mwalimu mmoja mstaafu ambaye hakuwahi kuchora kitu kingine. Kisha akaja msimamizi mmoja, sasa ni marehemu, aliyekuwa na tabia ya kuzunguka mitaa ya nyuma akiuliza nani huku anachora. Wakamwonyesha mlango wa shangazi.

Shangazi alikuwa dobi. Alichora majirani zake kwenye mbao za milango iliyong'olewa na makabati yaliyovunjwa, kwa rangi zilizobaki makoponi mafundi wakishamaliza kupaka nyumba za watu. Mbao tisa kwa jumla. Aliposikia kuna nyumba ya serikali inayotunza picha, alizitoa zote siku hiyo hiyo. Chumba chetu kilikuwa kinavuja kila mahali, nakumbuka tulivyokuwa tukilala na masufuria katikati yetu. "Nyumba ya serikali haivuji," alisema.

Tangu siku hiyo hazijatundikwa hata mara moja. Mimi mwenyewe niliomba kazi hapa nikiwa msichana ili niwe karibu nazo, na sasa nina mvi.

Leo mkurugenzi amefungua shuka moja baada ya nyingine, kisha akasema, "Kwa nini hakuna aliyeniambia?" Amechagua saba. Mbili ameziacha, na kusema kweli zile mbili si nzuri.

Machi 6

Nimemwambia. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande mzima.

"Nani na nani?" akauliza.

Nikamtajia: muuza mkaa, mkunga, yule mama mwenye jino moja, ndugu wawili waliogombania ua, mlinzi wa shule aliyelala, mama yake mwenyewe. Na kaka yake.

"Kaka pia," akasema. "Alhamdulillahi."

Kaka yake ni baba yangu. Alifariki nikiwa sijajua kufunga kamba za viatu, na shangazi ndiye aliyenilea. Hatuna picha yake nyingine, si ya kamera wala ya kitambulisho. Uso wa baba yangu uko kwenye mlango wa kabati, rafu ya chini kabisa ya ghala, na mara nyingi wakati wa chakula cha mchana nimefungua shuka nikala naye.

Shangazi sasa ana neno moja tu, kwamba atakwenda kuwaona wakiwa wametundikwa. Daktari wa hospitali alishatuambia tusihesabu mwaka mwingine, naye anajua, maana yeye ndiye aliyemlazimisha aseme. Mume wangu ni fundi cherehani na karakana yake ni sebule yetu. Amemwahidi gauni. Amempima akiwa amelala, futi shingoni, pini mdomoni.

"Mkwe, usinibane kifuani," shangazi akasema. "Nataka nafasi ya kupumua nikimwona Mwasisi karibu yangu."

Machi 9

Mvua. Sindano imepanda.

Machi 10

Mvua. "Watu wangu wako pakavu?" Wako pakavu.

Machi 13

Kwenye kona ya nyuma, sakafu imeanza kutoa jasho. Mwasisi aliitumia sehemu hii kuhifadhi chumvi ya ngozi zake. Ni bondeni, na nyuma yetu kuna mfereji wa jiji. Palimfaa yeye na ngozi zake. Picha zikaja kuwekwa hapa kwa sababu chumvi ilikuwa imeisha.

Nieleze hapa mambo ya stika, maana yananinyima usingizi. Kila picha ghalani imefungwa shuka, na juu ya shuka ina stika au haina. Yenye nyekundu hubebwa kwanza maji yakija, hupelekwa chumba cha ghorofa ya juu chenye mashine ya kukausha hewa. Yenye njano hubebwa baadaye, huegeshwa ukumbini. Isiyo na stika, Mungu ndiye mbebaji wake. Nyuso zote za Mwasisi zina nyekundu, farasi naye ana nyekundu. Sisi wa ghalani tukiudhiwa na bwana mkubwa yeyote tunasema, "Huyo ana stika nyekundu." Watu wa shangazi hawana kitu.

Stika hubandikwa na Daktari peke yake. Si daktari wa watu. Ni fundi wetu wa kutibu picha, tunamwita hivyo kwa sababu ya koti jeupe na bomba la sindano analotumia kuingiza gundi. Nimempandia juu, nikamkuta na pamba anamwosha Mwasisi pua.

"Daktari, zile saba zinakwenda kwenye maonyesho. Zibandike nyekundu."

"Sijazipima, dada. Siwezi kubandika bila kupima."

"Upime nini? Mkurugenzi kashazichagua."

"Mkurugenzi anachagua, mimi napima. Nipe wiki mbili, nimalize hawa."

"Mvua inajua wiki mbili?"

Akacheka kwa upole, akachovya pamba nyingine. Kijana mzuri, lakini anapenda taratibu kuliko mama yake mzazi.

Machi 17

Nimekwenda kwa mkurugenzi. Nimemwomba niruhusiwe kupandisha rafu ya chini yote, kabla ya hatari, taratibu, tukiwa na akili zetu. Akasema vyumba vya juu vimepakwa rangi juzi kwa ajili ya sherehe, hawezi kuvirundikia mbao zenye vumbi.

"Pampu ya kutoa maji ipo, dada," akasema.

Ipo. Inakohoa usiku kucha, mlinzi ndiye anayeniambia.

Machi 18

Mvua. Sindano imepanda.

Machi 19

Mvua. "Watu wangu wako pakavu?" Wako pakavu, shangazi, lala.

Machi 21

Mvua. Nimeweka matofali chini ya rafu ya chini. Gauni limekatwa, kitambaa cha bluu iliyokoza. Shangazi amemwambia mume wangu aweke mfuko. Wa nini? "Mwanamke hawezi kwenda kwa watu bila mfuko." Mkono wake mmoja haufanyi kazi na wa pili unatetemeka, lakini mfuko atawekewa.

Machi 24

Nimefanya.

Daktari alikuwa amekwenda kula. Roli ya stika iko kwenye droo yake ya juu, hata haifungwi. Nimeng'oa saba, nimeshuka nazo kiganjani kama mtoto aliyeiba pipi, nimebandika moja moja juu ya shuka, nikisugua kwa kidole gumba zishike. Kwenye ile ya baba nimesugua zaidi.

Sikuona haya hata chembe. Niliona raha, niliona kama nimemwingiza ndugu yangu kwenye foleni, mbele ya wenye vyeo wote. Shangazi amefua nguo za watu kama Mwasisi maisha yake yote. Sasa maji yakija, farasi atasubiri.

Machi 29

Naandika na matope bado miguuni.

Mfereji wa nyuma umepasuka leo asubuhi, watu wakiwa ndio kwanza wanafungua madirisha. Nilikuwa ngazini nikasikia pampu imenyamaza. Nikashuka mbio. Maji yalikuwa yanaingia kwa chini ya ukuta wa nyuma, meusi, yamebeba majani na kandambili ya mtu. Matofali yangu yalikuwa yameshazama. Rafu ya chini yote imesimama ndani ya maji, na shuka zimenyonya mpaka katikati.

Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wabebaji wakaja wanne, wamekunja suruali. Hakuna aliyeuliza tuanze na zipi, stika zinaonekana hata gizani. "Nyekundu! Nyekundu kwanza!" Mimi mwenyewe nikambeba baba. Ubao ule nilizoea kuuinua kwa mkono mmoja. Leo umenielemea, umekunywa maji kama sponji, nikapanda nao ghorofa zote nimeukumbatia, shavu langu kwenye shuka lililolowa, nikisema sijui nini. Nadhani nilikuwa naomba.

Mlangoni pa chumba cha kukausha alikuwa Daktari, anapokea na kupanga. Alipoushika ubao wa baba, mikono ikamshuka.

"Mbona nzito hivi?"

"Fremu," nikasema.

Akatazama stika. Akautia ndani. Zikaingia zote saba, kisha nyuso za Mwasisi moja baada ya nyingine, kisha farasi. Akafunga mlango, akawasha mashine kwa nguvu zake zote, nikasikia inavuta. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Mchana kutwa tumebeba. Vyungu viwili vimevunjika. Ndege wa mwalimu mstaafu wamelowa lakini Daktari anasema wataishi. Zile mbao mbili mbaya za shangazi zilikaa majini mpaka jioni, hakuna mwenye nafasi nazo, tukaziegesha kwenye korido ya ngazi zikitiririka.

Nimerudi nyumbani siwezi kunyoosha mgongo. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha shangazi na matope yangu.

"Maji yameingia, shangazi. Lakini watu wako walitoka wa kwanza. Kabla ya Mwasisi."

Macho yakamng'aa. "Kabla ya farasi?"

"Kabla ya farasi."

Alicheka mpaka akapaliwa, mume wangu akaja mbio na glasi ya maji.

Machi 31

Bado tunachota matope. Chumba cha kukausha hakifunguliwi, ndiyo kanuni ya Daktari, hewa isichezewe. Sawa. Wapumzike.

Aprili 2

Mvua ndogo. Gauni limebaki pindo.

Aprili 4

Sijui nianzie wapi.

Daktari aliniita asubuhi tufungue pamoja. Alikuwa na furaha. Chumba kilikuwa kikavu hata midomo inakauka. Tukaanza na Mwasisi, ametoka vizuri, hata pua imeng'aa. Farasi mzima. Kisha akaweka mezani ubao wa mkunga, akafungua fundo la shuka.

Kitu kikamwagika. Nilidhani ni mchanga umeingia kwenye mikunjo. Kikamwagika tena, chekechekeche, juu ya meza na sakafu na viatu vyetu, vipande vyembamba vilivyojikunja kama maganda ya vitunguu, vyekundu, vya kahawia, vyeupe. Shuka likaisha. Ubao ulikuwa umepinda katikati, na juu yake hapakuwa na mkunga.

Daktari alisimama ameinua mikono yote miwili, hataki kugusa kitu. Akasema kwa sauti ndogo, "Hii ni mbao." Kisha akasema tena, "Dada, hii ni mbao."

Tukafungua zote. Muuza mkaa amebaki bega. Mama mwenye jino moja ametoweka na jino lake. Wale ndugu wawili, mmoja amebaki nusu uso, anamtazama mtu ambaye hayupo. Ya baba nilifungua mwenyewe. Nilifungua polepole, kwa kucha, nikijiambia nikienda polepole ataendelea kuwepo. Limebaki sikio moja na kola ya shati.

"Nani amebandika hizi?" Daktari akauliza.

"Mimi."

Akakaa juu ya kreti. Akanieleza, na alikuwa ananieleza kama mtu anayemweleza mjane. Nyekundu si cheo. Haijawahi kuwa cheo. Nyekundu maana yake amepima, picha hii ni ya kitambaa, inastahimili kukaushwa kwa nguvu, ndiyo maana huwahishwa kabla chumba hakijafungwa. Picha za Mwasisi zote zina nyekundu kwa sababu zote ni za kitambaa. Ubao uliolowa ukikaushwa haraka hunywea, na rangi hainywei, basi rangi husimama na kuachia. Ubao huachwa mahali penye baridi, ukauke wenyewe, hata mwezi mzima. Ndiyo maana alitaka apime kwanza. Fundi aliyemtangulia aliweka utaratibu huo, na sisi wa chini tukauona kila siku na kuugeuza kuwa ukubwa na udogo, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuona mambo yakipangwa.

"Ungeziacha tu," akasema. Hakusema kwa ukali. Afadhali angenizaba kofi.

Baadaye nilishuka kwenye korido ya ngazi. Zile mbili mbaya ziko pale pale, zina mstari wa matope, bado zina unyevu ukizigusa. Hazijapoteza hata tone la rangi.

Nilikusanya vipande vya baba kwa brashi, nikavitia kwenye boksi la viatu. Daktari amesema haviwezi kurudishwa, ni vingi mno na vimesagika. Nilivikusanya hata hivyo.

Nyumbani shangazi akauliza lile swali lake. Nikamjibu wako pakavu. Nikaenda bafuni nikafungulia bomba ili nisisikike.

Aprili 5

Nimemwambia mkurugenzi kila kitu, nimesimama. Swali lake la kwanza: "Na Mwasisi?" Nikamwambia mzima. Akashusha pumzi. Kisha akanitazama na nadhani aliniona kwa mara ya kwanza, akafunga mlango.

"Tutasema ni mafuriko," akasema. "Ni mafuriko, dada. Usijiue kwa stika."

Nikamwambia asante. Nimesema asante, Mungu anisamehe.

Aprili 7

Mvua. Wako pakavu, shangazi. Ni kweli tupu, hawajawahi kuwa pakavu namna hii.

Aprili 8

Mvua. Sindano sikuitazama.

Aprili 11

Gauni limekwisha. Shangazi ametaka avishwe. Tulimvisha sote wawili, mume wangu akashika kioo. Akajitazama muda mrefu, kichwa kimeinama upande kama anavyoinama mtu anayekagua kazi ya mwenzake.

"Rangi imenikubali," akasema. "Kaka angenitania."

Nilitoka chumbani. Mume wangu akanifuata jikoni, nikamwambia. Sikuwa nimemwambia hata yeye. Alinishika kisogoni, na futi yake bado shingoni.

Aprili 15

Kila siku mume wangu ananitazama. Leo akishona, bila kuinua kichwa, akasema, "Mke wangu, mficha maradhi..."

"Najua linavyoisha," nikamjibu kwa ukali. Akaendelea kushona.

Najua linavyoisha. Lakini nitamwambiaje? Alivumilia kiharusi, alivumilia kulishwa na kufutwa kama mtoto mchanga, akisema Mungu amempa sababu ya kufika mwezi wa tano. Nikimwondolea sababu nitakuwa nimemuua mara mbili. Na nikimpeleka siku ya sherehe akute kuta tupu mbele za watu? Kila njia ninayoitazama ina shimo.

Aprili 16

Nimemwambia. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nilisema maji, nikasema mbao, nikasema rangi imebanduka. Sikusema nani.

Alinisikiliza mpaka mwisho akiangalia dari.

"Rangi yangu haibanduliwi na maji," akasema. "Niliianika nje misimu mitatu ya mvua kabla ya kuwatoa. Nani aliwaweka kwenye joto?"

Ningeweza kusema Daktari. Ningeweza kusema kanuni. Jina la Daktari lilifika hadi kwenye meno.

"Mimi, shangazi."

Akafumba macho. Nikamweleza stika zote, foleni, farasi. Sijui kama alisikia.

"Nipeleke niwaone," akasema.

Aprili 18

Tumempeleka, kwa kiti cha magurudumu, siku jumba limefungwa. Amekataa gauni la bluu, amekwenda na kanga yake ya kulalia. Wabebaji wale wale wanne wakambeba ngazini na kiti chake, hakuna aliyetania. Daktari alikuwa amezipanga mbao saba ukutani kwenye chumba chake, kwa mstari. Alitaka kueleza, shangazi akamwinulia kidole.

Alianza upande wa kushoto. Mume wangu alikuwa akisukuma, anasimama kila ubao, mpaka shangazi akishusha kidole wanasogea. Alikaa mbele ya kila mmoja muda ule ule, hata ambao hauna kitu kabisa. Alipofika kwa kaka yake aliomba asogezwe mpaka magoti yakagusa ubao. Akaweka ule mkono unaotetemeka juu ya mbao tupu, mahali palipokuwa na uso.

"Nilimchora baada ya kumzika," akasema. Hakuwa akisema nami. "Sikuwa naye mbele yangu. Nilimtoa kichwani, na nilipomtoa kichwani nikamweka hapa, kichwani hakubaki. Tangu hapo nikitaka kumkumbuka nakumbuka huu ubao."

Daktari alikuwa analia waziwazi, koti jeupe na kila kitu.

Wakamwonyesha zile mbili zilizosalia, labda kwa kutaka kumpoza. Akazitazama mara moja.

"Mbaya zote mbili ndizo zimepona," akasema. "Mwambieni mkurugenzi wenu azitundike chooni. Mkwe, nirudishe."

Aprili 20

Haongei nami.

Aprili 21

Mvua. Chakula anapokea mkononi mwa mume wangu tu. Nikikaribia na kijiko anafunga mdomo na kugeukia ukuta. Usiku namsikia akisema na mume wangu, nikiingia wananyamaza.

Aprili 23

Mvua. Haulizi tena kama watu wake wako pakavu. Ningetoa chochote aulize.

Aprili 27

Amekonda. Mume wangu anasema amekula vijiko viwili. Nimeketi mlangoni pa chumba chake sakafuni, kwa kuwa ndani ananifukuza kwa jicho. Nimemwambia kupitia mlangoni kwamba nilitaka watangulie. Nilitaka mara moja tu watangulie.

Mei 3

Sherehe ya miaka mia. Hotuba, maua, vitambaa vya meza. Mwasisi ameng'aa ukumbini na farasi wake. Mkurugenzi amezitundika zile mbao mbili, si chooni, karibu na ngazi, na chini yake kibao kinasema nyingine saba za mchoraji huyu zilipotea katika mafuriko. Wageni walisimama hapo, wengine waligusa mdomo. Mgeni mmoja aliyesikia kwamba mimi ni wa familia alinishika mikono akanipa pole. Nikaipokea. Nilizipokea pole zote, jioni nzima, na kibao nimekiacha kisomeke vile.

Mei 6

Jua, kwa mara ya kwanza. Sindano imeshuka. Nimeandika kwa mazoea.

Mei 9

Leo ni zamu yangu ya mapumziko. Mume wangu alikwenda kupeleka nguo kwa wateja, akaniacha mlangoni pangu pa siku zote, sakafuni. Jua lilikuwa limeingia chumbani kwa shangazi, la alasiri, la upande. Nilidhani amelala.

"Njoo," akasema.

Sauti imekuwa nyembamba. Nikaenda. Akanionyesha kwa macho kigoda kilicho karibu na dirisha, nikakaa.

"Ondoa hicho kitambaa kichwani."

Nikakiondoa.

"Kidevu juu. Zaidi. Geukia kule, usinitazame mimi, tazama nje."

Nikatazama nje. Hapakuwa na kitu, ukuta wa jirani na nguo zilizoanikwa. Nilisikia anavyopumua. Kwa pembe ya jicho niliuona mkono wake juu ya shuka, ule unaotetemeka, vidole vimekutana kana kwamba vimeshika kitu, unakwenda juu, unashuka, unazunguka mahali pamoja, unarudi.

Nikakaa hivyo mpaka shingo ikauma. Nilitaka kuuliza anafanya nini, lakini nilijua, mwili mzima ulijua.

"Namtafuta kaka," akasema mwishowe. "Yuko hapo kwenye taya."

Machozi yakanishuka, sikuthubutu kuyafuta. Nikasema, "Shangazi, umenisamehe?"

Mkono ukasimama juu ya shuka.

"Funga mdomo," akasema. "Unamharibu."

Nikafunga mdomo. Mkono ukaanza tena.